Singapore Hokkien Huay Kuan na Mji wa Mataifa Mengi: Historia ya Taasisi tangu 1840

Singapore Hokkien Huay Kuan ni jumuiya ya Wachina wenye asili ya kusini mwa jimbo la Fujian, ambao nchini Singapore hujulikana kama Wahokkien, na ni miongoni mwa taasisi kongwe za kiraia katika kisiwa hicho, kwa kuwa yenyewe huuhesabu mwaka 1840 kuwa mwaka wa kuasisiwa kwake. Huay kuan ni ukumbi wa watu waliotoka sehemu moja, na kumbi za namna hiyo zilizuka karibu katika kila mji wa ughaibuni ambako Wachina walihamia kwa wingi, zikiwapokea wageni, zikiwatafutia kazi na kuwazika walipofariki. Jumuiya hii haistahili kuangaliwa kwa ajili ya ukongwe wake wala utajiri wake peke yake, ingawa vyote viwili inavyo, bali kwa sababu karibu kila kazi iliyoianza kwa ajili ya watu wa lahaja yake iliishia kuwa ya watu wote, mara nyingine kwa uamuzi wa viongozi wake, mara nyingine kwa kusukumwa na nyakati, na mara nyingine kwa sheria za nchi. Historia hii inaifuatilia safari hiyo awamu kwa awamu.

Makaburi kabla ya ofisi, 1819–1839

Tarehe 6 Februari 1819 Stamford Raffles, akiiwakilisha Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, alitia saini mkataba na Sultani Hussein Shah na Temenggong Abdul Rahman, na kwa mkataba huo Waingereza wakaruhusiwa kuweka kituo cha biashara mahali ambapo hapakutozwa ushuru wa bidhaa. Bandari huru iliwavuta watu kwa kasi. Hesabu ya watu ya mwaka 1824 ilionyesha wakazi 10,683, na Wachina kati yao walikuwa 3,317. Kufikia mwaka 1836 wakazi walikuwa 29,984, na Wachina 13,749 wakawa kundi kubwa kuliko yote. Wengi walikuja kwa majahazi yaliyoondoka Xiamen na bandari nyingine za Fujian kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa kusi, yaani kwa mpangilio uleule wa misimu ambao mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki waliutegemea kwa karne nyingi.

Kwa macho ya mtawala wa kikoloni hawa wote walikuwa Wachina, na mpango wa mji wa mwaka 1822 uliwatengea eneo moja kusini mwa mto, kama ulivyowatengea Wamalay, Wahindi, Waarabu na Wazungu maeneo yao. Wenyewe hawakujiona hivyo. Wahokkien, Wateochew, Wakanton, Wahakka na Wahainan walizungumza lugha ambazo hazikuelewana kwa sikio ingawa ziliandikwa kwa herufi zilezile, walifanya kazi tofauti, na kila kundi, lililoitwa bang, lilijisimamia lenyewe. Wahakka walikuwa na ukumbi wao, Ying Fo Fui Kun, tangu mwaka 1822. Wahokkien, waliotawala biashara na usafiri wa majini, hawakuanza na ukumbi bali na makaburi, wakianzisha mwaka 1828 eneo la maziko la Heng San Ting pamoja na hekalu dogo lililolisimamia, chini ya uongozi wa See Hoot Kee, mfanyabiashara aliyetoka Malacca.

Mpangilio huo una mantiki yake. Mhamiaji wa wakati huo alikuwa kijana wa kiume, asiye na mke wala jamaa karibu, na alichokihofia zaidi ya njaa kilikuwa kufa bila mtu wa kumzika na kumfanyia ibada ambayo mila za kwao ziliwadai walio hai kwa ajili ya waliotangulia. Chama kilichomhakikishia kaburi kilikuwa kimempa jambo la kwanza alilolihitaji ili akubali kukaa.

Hekalu la ufukweni, 1839–1860

Mtaa wa Telok Ayer leo uko mbali na bahari, kwa kuwa ufukwe wake ulifukiwa katika miaka ya 1880, lakini hapo awali mawimbi yalifika karibu na milango ya nyumba. Ilikuwa hapo, mahali palipokuwa na kibanda cha ibada tangu miaka ya mwanzo ya 1820, ambapo Wahokkien walijenga kati ya mwaka 1839 na 1842 hekalu la Thian Hock Keng, lililowekwa wakfu kwa Mazu, mungu wa kike anayeaminiwa kuwalinda mabaharia. Sanamu yake ililetwa kutoka China mwaka 1840 na kupokewa kwa maandamano makubwa, na mwaka huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa Huay Kuan, kwa sababu ofisi ya jumuiya ilikuwa ndani ya hekalu lenyewe na viongozi wa hekalu ndio waliokuwa viongozi wa watu.

Jengo hilo linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwani linaeleza hali ya waliolijenga. Nguzo za mawe zilizochongwa majoka zililetwa kutoka China, boriti za paa zilishikanishwa kwa kuchongoana bila misumari, na baadaye uzio wa chuma uliagizwa kutoka Glasgow, Uskochi. Nguvu ya fedha ilionekana kwenye mawe ya kumbukumbu ya mwaka 1850, yaliyoorodhesha wachangiaji. Juu ya orodha alikuwa Tan Tock Seng, mzaliwa wa Malacca aliyeanza maisha kwa kuuza mboga na kuku, ambaye alitoa zaidi ya dola 3,000 za fedha za Kihispania, sarafu iliyotumika bandarini wakati huo.

Katika mtaa huohuo, umbali wa hatua chache, Waislamu wa Kitamil kutoka kusini mwa India, walioitwa Wachulia, walikuwa tayari wamejenga Nagore Dargah kati ya mwaka 1828 na 1830 kwa kumbukumbu ya walii wao, pamoja na msikiti wa Al-Abrar ulioasisiwa mwaka 1827. Wote walifanya jambo moja: kutoa shukrani mahali waliposhukia salama baada ya safari ya baharini. Ujirani huo haukupangwa na serikali yoyote; ulitokana na umbo la ufukwe na hofu ya bahari, na umedumu hadi leo bila kuvunjika.

Jambo kubwa zaidi la kipindi hiki, hata hivyo, halikufanyika hekaluni. Mwaka 1844 Tan Tock Seng alitoa dola 5,000 za kujenga hospitali ya maskini katika kilima cha Pearl's Hill, baada ya serikali ya kikoloni kuwaacha wagonjwa wasio na uwezo wakifia barabarani, na hospitali hiyo ilikusudiwa wagonjwa maskini wa mataifa yote. Kiongozi wa lahaja moja alikuwa amejenga nyumba ya matibabu isiyouliza lahaja wala dini, na hospitali hiyo, ambayo bado inaitwa Tan Tock Seng, leo ni miongoni mwa hospitali kubwa za umma za Singapore. Katika elimu, mfanyabiashara Tan Kim Seng alisimamia kujengwa kwa jumba la wasomi la Chong Wen Ge kando ya hekalu mwaka 1849, kisha shule ya bure ya Chui Eng mwaka 1854.

Mwaka huohuo wa 1854 ulionyesha pia upande wa pili wa mfumo wa bang. Mnamo Mei ugomvi kati ya Wahokkien na Wateochew, ulioanzia kwenye mabishano ya sokoni juu ya kipimo cha mchele, uligeuka kuwa mapigano yaliyoenea kisiwani kwa zaidi ya siku 10 na kuua mamia ya watu. Jumuiya iliyowapa watu wake ulinzi ilikuwa pia imewafundisha kumwona Mchina mwenzao wa lahaja nyingine kuwa mgeni, na historia ya taasisi hii haiwezi kuandikwa kwa haki bila kulitaja hilo.

Ukoo mmoja na madaraka yasiyoandikwa, 1860–1916

Tan Tock Seng alifariki mwaka 1850. Mwanawe, Tan Kim Ching, aliyeishika jumuiya kuanzia mwaka 1860, alikuwa mfanyabiashara wa mchele mwenye viwanda vya kukoboa nchini Siam, ambayo leo ni Thailand, na alikuwa balozi mdogo wa nchi hiyo mjini Singapore. Chini yake Thian Hock Keng lilikuwa kama boma la utawala: migogoro ilisuluhishwa hapo, makaburi yalisimamiwa kutoka hapo, na vyeti vya ndoa vya Wahokkien vilitolewa hapo, miongo mingi kabla serikali haijaona haja ya kuziandikisha ndoa za Wachina. Serikali ya kikoloni ilipofungua mwaka 1877 ofisi maalumu ya kuwashughulikia Wachina, chini ya William Pickering, na kupitisha mwaka 1889 sheria ya vyama iliyopiga marufuku vyama vya siri, sehemu ya madaraka hayo ilianza kuhamia serikalini.

Uongozi ulibaki ndani ya ukoo uleule. Tan Boo Liat, mjukuu wa Tan Kim Ching, aliongoza kuanzia mwaka 1897 hadi 1916, na ni katika wakati wake ambapo hekalu lilipokea, mwaka 1907, ubao wenye maandishi ya Mfalme Mkuu Guangxu wa China. Heshima hiyo ilikuwa kubwa, lakini wakati ulikuwa umeshageuka. Mwaka uliotangulia, 1906, Wahokkien waliamua kuacha maandamano yao ya kidini yaliyojulikana kama chingay, yaliyokuwa yakimeza fedha nyingi, na mwaka huohuo wafanyabiashara wa lahaja zote waliunda Chama cha Wafanyabiashara wa Kichina, chombo cha kwanza kikubwa kilichowakutanisha Wachina wa Singapore bila kujali bang. Shule mpya ilikuwa pia imefunguliwa.

Shule na mageuzi, 1906–1941

Shule ya Tao Nan ilianza mwaka 1906 katika nyumba iliyokuwa ya Tan Kim Ching, kisha ikahamia mwaka 1912 katika jengo lake jipya kwenye mtaa wa Armenian. Haikuwa peke yake. Wahakka na Wakanton walikuwa wamefungua zao mwaka 1905, Wateochew walifungua ya Tuan Mong mwaka 1906, Wahainan wakafuata mwaka 1910, na kila moja ilifundisha kwa lugha ya kundi lake, hivi kwamba mtoto wa Kihokkien na mtoto wa Kikanton waliokaa mtaa mmoja wangeweza kumaliza shule bila kuweza kuzungumza pamoja.

Tao Nan ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza kuuvunja utaratibu huo. Katika miaka yake ya mwanzo ilianza kupokea watoto wasio Wahokkien, na mwaka 1916 iliacha kufundisha kwa Kihokkien na kutumia Kimandarini, yaani Kichina sanifu, ambacho hakikuwa lugha ya nyumbani ya karibu yeyote kisiwani. Uamuzi huo hauna mnara wala ubao wa mfalme, lakini kwa vipimo vya athari unalizidi hekalu lenyewe, kwani viongozi wa kundi kubwa na tajiri kuliko yote walikubali kuiweka kando lugha yao wenyewe ili watoto wao wakae darasa moja na watoto wa makundi mengine. Anayetaka kujua ni lini watu wa Fujian walioishi Singapore walianza kuwa Wachina wa Singapore, jibu lake la karibu liko katika mwaka huo.

Msukumo mkubwa wa mabadiliko hayo ulitoka kwa Tan Kah Kee. Alizaliwa Jimei, karibu na Xiamen, mwaka 1874, akafika Singapore mwaka 1890 kusaidia biashara ya mchele ya baba yake, na baada ya biashara hiyo kufilisika alijijenga upya kwa mananasi ya makopo na hatimaye kwa mpira, zao lililomfanya kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Asia ya Kusini-Mashariki. Aliongoza bodi ya Tao Nan, akaanzisha mwaka 1919 Shule ya Sekondari ya Kichina iliyopokea vijana wa lahaja zote, na mwaka 1921 Chuo Kikuu cha Xiamen nchini China.

Alipochaguliwa mwenyekiti wa Huay Kuan mwaka 1929 aliikuta taasisi ikiendeshwa na wadhamini wachache waliorithishana nafasi. Mageuzi yake yaliweka kamati ya utendaji iliyochaguliwa na idara zenye wajibu maalumu, zikiwamo za elimu, uchumi na masuala ya jamii, na yakaipa Huay Kuan usimamizi wa pamoja wa shule tatu: Tao Nan, Ai Tong iliyoanzishwa mwaka 1912, na shule ya wasichana ya Chong Hock, iliyokuwa ikifundisha tangu mwaka 1915 katika jumba la Chong Wen Ge, ubavuni mwa hekalu. Aliendesha pia kampeni dhidi ya mazishi ya kifahari yaliyowaacha wafiwa na madeni. Kampuni yake mwenyewe ilianguka mwaka 1934 kutokana na mdororo wa uchumi wa dunia, lakini uongozi wake haukutikisika, na mwaka 1938 Wachina wa nchi zote za eneo hilo walimchagua kuongoza mfuko wa kuisaidia China iliyokuwa imevamiwa na Japani.

Vita na makovu yake, 1942–1949

Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942, na katika wiki zilizofuata wanaume wa Kichina walikusanywa, wakachujwa na maelfu wao wakauawa, katika operesheni inayokumbukwa kwa jina la Sook Ching. Waliobaki wa Malaya na Singapore walilazimishwa kutoa mchango wa dola milioni 50. Tan Kah Kee, aliyekuwa akisakwa, alijificha Java hadi vita vilipokwisha mwaka 1945.

Baada ya vita Huay Kuan ilirudi kwenye kazi iliyoijua. Chuo cha walimu cha Nan Chiau, kilichofunguliwa mwaka 1941 katika barabara ya Kim Yam kwenye ardhi iliyotolewa na mfanyabiashara Lee Kong Chian, kiligeuka mwaka 1947 kuwa shule ya sekondari ya wasichana. Ukumbusho wa waliouawa ulichukua muda mrefu zaidi. Chama cha Wafanyabiashara kilipoanza kukusanya fedha kwa ajili ya mnara wa wahanga wa Kichina, serikali ilishauri uwe wa raia wote, na mnara uliozinduliwa mwaka 1967 katika barabara ya Beach una nguzo nne ndefu zinazosimama kwa ajili ya Wachina, Wamalay, Wahindi na watu wa asili nyingine, zote zikitoka kwenye msingi mmoja.

Chuo kikuu cha watu, 1950–1980

Tan Lark Sye, mfanyabiashara wa mpira aliyewahi kuwa mwajiriwa wa Tan Kah Kee, alishika uenyekiti mwaka 1950. Wakati huo wahitimu wa sekondari za Kichina walikuwa wamefungiwa njia mbili kwa pamoja: kwenda China kusoma na kurejea kulikuwa kugumu baada ya mapinduzi ya mwaka 1949, na Chuo Kikuu cha Malaya kilichoundwa mwaka huohuo kilifundisha kwa Kiingereza. Tarehe 16 Januari 1953, katika kikao cha Huay Kuan, mwenyekiti alipendekeza kujengwa kwa chuo kikuu kitakachofundisha kwa Kichina na kuahidi dola milioni 5 kutoka mfukoni mwake. Huay Kuan ilitoa ekari 523 za ardhi huko Jurong, magharibi mwa kisiwa.

Kilichofuata kiliwashangaza hata walioasisi wazo hilo. Mwaka 1954 madereva wa baiskeli za abiria za magurudumu matatu, wapatao 1,500 na ushei, watu waliokula kwa jasho la siku hiyohiyo, walijitolea mapato ya kazi yao kuchangia ujenzi, na madereva wa teksi, vinyozi na wacheza dansi wa kumbi za starehe wakafanya vivyo hivyo. Watu ambao watoto wao wasingefika chuo kikuu walikuwa wakijenga chuo kikuu. Masomo ya Chuo Kikuu cha Nanyang yalianza mwaka 1956 na uzinduzi rasmi ukafanyika mwaka 1958.

Chuo hicho kilizaliwa katika wakati mgumu. Serikali zilizofuatana zilitilia shaka siasa za mrengo wa kushoto miongoni mwa wanafunzi wake, shahada zake hazikutambuliwa na serikali hadi mwaka 1968, na mwaka 1963 serikali ilitangaza kumvua uraia Tan Lark Sye, ikimtuhumu kuwaunga mkono wakomunisti. Wajumbe wa Huay Kuan hawakumwondoa. Alibaki kiongozi wao hadi kifo chake mwaka 1972. Kadiri wazazi walivyozidi kuzichagua shule za Kiingereza ndivyo idadi ya waombaji ilivyopungua, na mwaka 1980 chuo kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Singapore kuunda Chuo Kikuu cha Taifa. Kwa wengi waliochangia, kuunganishwa huko kulikuwa msiba, na hadi leo wahitimu wake hulizungumzia jambo hilo kwa uchungu. Ardhi, hata hivyo, haikurudi porini: mwaka 1981 ilifunguliwa hapo taasisi ya ufundi ambayo mwaka 1991 ilipandishwa hadhi kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, ambako sasa husoma vijana wa makabila yote ya nchi na wa mataifa ya nje.

Jumuiya ndani ya taifa, 1965–2010

Singapore ilipojitenga na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965 iliamua kuwa jamhuri ya makabila mengi yenye lugha rasmi nne, yaani Kimalay, Kimandarini, Kitamil na Kiingereza. Taifa hilo jipya lilizichukua moja baada ya nyingine kazi zilizozifanya kumbi za kale kuwa za lazima. Nyumba zilijengwa na bodi ya serikali, na tangu mwaka 1989 kila jengo na kila kitongoji kina kiwango cha juu cha familia za kila kabila, ili mitaa ya kabila moja isizuke tena; ndoa ziliandikishwa serikalini; makaburi mengi yalipisha barabara na makazi. Kampeni ya Kimandarini iliyoanza mwaka 1979 iliondoa lahaja kwenye redio na televisheni, na matokeo yake yanaonekana katika sensa ya mwaka 2020, ambamo asilimia 8.7 tu ya wakazi walitaja lahaja za Kichina kuwa lugha wanayoitumia zaidi nyumbani, ingawa Wahokkien bado ni takribani wanne katika kila Wachina kumi.

Mtu aliyeiongoza Huay Kuan katika mabadiliko hayo alikuwa Wee Cho Yaw, mwanabenki, aliyekuwa mwenyekiti kuanzia mwaka 1972 hadi 2010. Mchango wake mkuu ulikuwa kutambua kwamba ukumbi wa lahaja hauwezi kuishi kwa kuililia lahaja. Mwaka 1986 Huay Kuan ilishirikiana na jumuiya sita nyingine kuzindua Shirikisho la Jumuiya za Koo za Kichina la Singapore, naye akawa rais wake wa kwanza. Wahokkien na Wateochew, ambao mababu zao waliuana mwaka 1854, walikaa sasa katika halmashauri moja. Shirikisho hilo, pamoja na Chama cha Wafanyabiashara, ndilo lililounda mwaka 1992 Baraza la Misaada ya Maendeleo la Wachina, linalowasaidia wanafunzi na wafanyakazi wenye kipato cha chini, kwa mfano uleule wa vyombo vilivyotangulia vya Wamalay-Waislamu mwaka 1982 na vya Wahindi mwaka 1991.

Shule ziliwafuata watu kwenye makazi mapya. Tao Nan ilihamia Marine Parade mwaka 1982, na jengo lake la zamani sasa ni makumbusho ya Waperanakan, yaani jamii za machotara wa kale waliochanganya damu na mila za Kichina, Kimalay na nyinginezo. Chong Hock, iliyogeuka kuwa shule ya wavulana na wasichana kwa jina la Chongfu, ilikwenda Yishun, na Nan Chiau ikahamia Sengkang mwaka 2001. Thian Hock Keng lilitangazwa kuwa mnara wa taifa mwaka 1973, na ukarabati wake mkubwa uliokamilika mwaka 2000 ulitambuliwa na UNESCO katika tuzo za mwaka 2001 za uhifadhi wa urithi wa Asia na Pasifiki.

Huduma za sasa

Baada ya Wee Cho Yaw, Chua Thian Poh alikabidhiwa uongozi mwaka 2010. Huay Kuan ya leo husimamia hekalu, hutoa misaada ya masomo, hufundisha ngoma, maigizo na lugha kwa watoto, na ni mlezi wa shule sita: za msingi ni Tao Nan, Ai Tong, Chongfu, Nan Chiau na Kong Hwa iliyofunguliwa mwaka 1953, na ya sekondari ni Nan Chiau. Mwaka 2017 mchoro mrefu wa takribani mita 40 ulichorwa kwenye ukuta wa nyuma wa hekalu, upande wa mtaa wa Amoy, ukionyesha safari za wahamiaji, kazi za hamali bandarini na maisha ya vichochoro, na wapita njia wasioingia hekaluni huweza kuisoma historia hiyo wakiwa barabarani.

Suala lililo wazi linahusu shule. Tao Nan, Ai Tong, Kong Hwa na sekondari ya Nan Chiau zimo katika mpango wa serikali wa kuhifadhi elimu yenye mizizi ya Kichina, ambamo lugha mama inayofundishwa ni Kimandarini peke yake, na kwa hiyo watoto wa Kimalay na Kihindi huonekana humo kwa nadra. Wapo wanaoutetea mpango huo kwa kusema kwamba bila shule hizo Kichina cha kusomea na kuandikia kingebaki cha sokoni, na wapo wanaouliza iwapo mtoto anaweza kujifunza kuishi na majirani ambao hawakai naye darasani. Mjadala huo ni wa taifa zima, lakini unaigusa Huay Kuan kuliko wengi, kwa kuwa fedha za uendeshaji na mitaala hutoka serikalini ilhali malezi ya shule hizi yako mikononi mwake.

Jedwali la matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1828 | Kuanzishwa kwa makaburi ya Heng San Ting |
| 1839–1842 | Ujenzi wa hekalu la Thian Hock Keng |
| 1840 | Kupokewa kwa sanamu ya Mazu. Mwaka wa kuasisiwa kwa Huay Kuan |
| 1844 | Tan Tock Seng atoa fedha za hospitali ya maskini wa mataifa yote |
| 1849 | Jumba la Chong Wen Ge |
| 1860 | Tan Kim Ching ashika uongozi |
| 1906 | Kuanzishwa kwa Shule ya Tao Nan |
| 1916 | Tao Nan yaanza kufundisha kwa Kimandarini |
| 1929 | Tan Kah Kee achaguliwa. Mageuzi ya katiba na uongozi |
| 1947 | Sekondari ya wasichana ya Nan Chiau |
| 1953 | Pendekezo la Chuo Kikuu cha Nanyang. Shule ya Kong Hwa |
| 1972 | Wee Cho Yaw ashika uenyekiti |
| 1973 | Thian Hock Keng latangazwa mnara wa taifa |
| 1980 | Chuo Kikuu cha Nanyang chaunganishwa na cha Singapore |
| 1986 | Kuzinduliwa kwa Shirikisho la Jumuiya za Koo za Kichina |
| 2001 | Utambuzi wa UNESCO kwa ukarabati wa hekalu |
| 2010 | Chua Thian Poh akabidhiwa uongozi |